Sura ya Sita: Mwana wa Jenerali

Akina Sarnoff hawakuwahi kuimiliki RCA, kampuni ya Marekani ya redio na televisheni. Watu wengi hulisahau jambo hili, na bila kulikumbuka habari yote inapinda. David Sarnoff, aliyekaa kileleni mwa kampuni hiyo kwa miaka arobaini, alikuwa na hisa chini ya asilimia moja. Mali ilikuwa ya wanahisa walioenea Marekani nzima. Lakini alipotaka mwanawe wa kwanza amrithi, bodi ilimpitisha kama vile ukoo ndio uliokuwa na hati ya shamba. Miaka kumi baadaye bodi ikamtoa mwana huyohuyo mchana kweupe, na hapo ndipo Robert Sarnoff alipotambua kwamba alichorithi ni kiti tu. Kura zilikuwa za wengine.

Baba mtu alifika New York mwaka 1900, mtoto wa miaka tisa kutoka Uzlyany, kijiji cha Kiyahudi karibu na Minsk, bila neno hata moja la Kiingereza. Aliuza magazeti ya Kiyidi mitaani. Mwaka 1906 akaajiriwa utarishi katika tawi la Marekani la kampuni ya Marconi, akajifunza telegrafu, akapanda ngazi. Alipenda kusimulia kwamba Titanic ilipozama mwaka 1912 alikaa kwenye mtambo saa 72 akipokea peke yake majina ya walionusurika. Wanahistoria wameipunguza sana simulizi hiyo. Mwenyewe hakuipunguza hata siku moja. General Electric ilipounda RCA mwaka 1919, Sarnoff alikuwamo. NBC, mtandao wake wa utangazaji, ulipoanzishwa mwaka 1926 alikuwa miongoni mwa walioisukuma. Mwaka 1930 akawa rais wa kampuni akiwa hajafikisha miaka arobaini. Vitani akapewa cheo cha Brigedia Jenerali, mwaka 1944, na tangu hapo katika ghorofa ya 53 ya jengo la RCA hakuwa Bwana Sarnoff tena. Alikuwa Jenerali.

Jenerali alijua njia moja ya kuongoza: kuchagua adui mkubwa, kumwaga fedha, kukataa kurudi nyuma. Mfano ni televisheni ya rangi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani iliidhinisha mfumo wa wapinzani wake wa CBS, uliotumia gurudumu la rangi linalozunguka, na ambao seti za zamani za rangi nyeusi na nyeupe hazikuweza kuupokea. Mtu mwingine angekubali yaishe. Yeye aliwafungia wahandisi wake maabara ya Princeton, akawaahidi marupurupu, akaenda mahakamani, na Desemba 1953 mfumo wa RCA ndio uliopitishwa. Kisha ikafuata miaka ya kuuza seti ghali ambazo karibu hakuna aliyezinunua. Wanahisa walinung'unika, naye akawatazama tu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 rangi ilianza kuleta faida, kisha faida kubwa, na waliokuwa wakinung'unika wakaanza kumwita nabii. Lau angeshindwa, kampuni ingejifunza kuogopa. Alishinda, ikajifunza kwamba ukaidi hulipa.

Robert, ambaye wote walimwita Bob au Bobby, alizaliwa mwaka 1918 na kulelewa kwenye kila alichokosa baba yake. Alisoma Andover, kisha Harvard, kisha mwaka mmoja wa sheria Columbia. Baada ya vita alifanya kazi kwenye magazeti, na mwaka 1948 akaingia NBC, upande wa mauzo. Desemba 1955 akawa rais wa NBC badala ya Pat Weaver, yule mbunifu aliyeipa Marekani vipindi vya Today na Tonight. Weaver alipandishwa cheo kisichokuwa na kazi, na katika mwaka uliofuata akaondoka. Ukimsikiliza mtu wa televisheni wa zama zile, atakuambia hapo ndipo Jenerali alipomtupa mtu mwenye kipaji ili kumwekea mwanawe kiti. Nadhani hilo ni kweli, lakini lina upande wa pili.

Upande huo wa pili ni kwamba Robert aliimudu NBC. Hakuwa mtu wa vipindi, na aliujua udhaifu wake: kuanzia mwaka 1958 alipokuwa mwenyekiti, kazi ya kila siku aliiacha mikononi mwa Robert Kintner, mwandishi wa habari wa zamani aliyeijenga idara ya habari ikawa ya kuogopwa. Walipita kwenye aibu ya vipindi vya chemsha bongo, mwaka 1959, mshiriki maarufu Charles Van Doren alipokiri mbele ya Bunge kwamba alikuwa akipewa majibu kabla ya kipindi cha Twenty-One. NBC haikuvunjika. Na kazi aliyotumwa na baba, kuifanya NBC iuze seti za rangi za RCA, aliifanya barabara. Tausi mwenye mkia wa rangi alionekana kwenye skrini za NBC mwaka 1956, kazi ya msanii John Graham, kuwakumbusha wenye seti za nyeusi na nyeupe kwamba kuna kitu wanakikosa. Bonanza ikaanza mwaka 1959, kwa rangi, na watu wakaenda madukani ili waone nyasi za Nevada zilivyo. Kufikia msimu wa mwaka 1965 karibu vipindi vyote vya jioni vya NBC vilikuwa vya rangi. Studio na kiwanda vilikuwa vikifanya biashara moja, na mtu aliyekaa katikati yao alikuwa Robert.

Mwanzoni mwa mwaka 1966 akawa rais wa RCA nzima. Mwaka 1968 akawa mtendaji mkuu, na mwaka 1970, Jenerali alipokuwa kitandani kwa maradhi ambayo hakupona, akawa mwenyekiti. Mzee alikuwa bado hai, jina lake liko kwenye maabara ya Princeton, picha yake iko kila ukuta. Kila mhandisi mwenye mvi alikuwa na hadithi ya siku Jenerali alipomwambia hivi au vile. Robert hakuwa mhandisi, hakuwa mvumbuzi, wala hakuwahi kuuza magazeti mtaani. Alivaa vizuri, alipenda sanaa ya kisasa, alijua kuzungumza na mabenki. Akaamua kuijenga RCA nyingine.

Akaanza kununua. Mwaka 1966 alinunua Random House, moja ya nyumba kubwa za uchapishaji za Marekani. Mwaka 1967 akanunua Hertz, kampuni ya kukodisha magari. Zikafuata Cushman & Wakefield, madalali wa majengo; Banquet, watengenezaji wa chakula kilichogandishwa, maarufu kwa kuku wa kukaanga; na mwaka 1971 Coronet, viwanda vya mazulia na samani. Wafanyakazi wakachukua herufi tatu za jina la kampuni yao wakazipa maana mpya kwa Kiingereza: mazulia, kuku na magari. Kichekesho hicho kilifika Wall Street na hakikuondoka.

Lakini kabla ya kumcheka, tazama miaka yenyewe. Kila kampuni kubwa ya Marekani ilikuwa ikifanya hivyohivyo. ITT ilinunua hoteli, mikate na kampuni ya bima. Ilisemekana kwamba meneja mzuri anaweza kuongoza biashara yoyote ilimradi mahesabu yake yako sawa. Hertz ilikuwa biashara nzuri, na RCA ilipoiuza mwaka 1985 ilipata karibu dola milioni 600. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoanza orodha ya makosa ya Robert kwa kuku. Kuku hakuiua RCA. Kilichoiumiza ni kile ambacho macho ya mwenyekiti hayakukitazama alipokuwa akitazama kuku.

Mwaka 1968 alibadilisha pia sura ya kampuni. Nembo ya zamani, duara lenye umeme wa radi, iliondolewa. Zikaja herufi tatu nyekundu zilizonyooshwa, za kisasa. Na mbwa akastaafishwa. Huyu ni Nipper, mbwa mweupe anayesikiliza sauti ya bwana wake kwenye pembe ya gramafoni, mchoro wa Mwingereza Francis Barraud. Kwetu pia alijulikana: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani zake za santuri zilirudi Unguja zikiwa na mbwa huyohuyo, kwa upande wa kampuni ya Uingereza ya HMV. Kwa upande wa Marekani haki ya picha ilikuwa ya Victor, ambayo RCA iliinunua mwaka 1929. Kwa hiyo kilichowekwa kando kilikuwa miongoni mwa alama za biashara zinazojulikana zaidi duniani, na sababu ilikuwa kwamba ilinuka uzee. Warithi wake walimrudisha mbwa kabla muongo haujaisha.

Sasa kompyuta. Hapa inafaa kukaa kidogo, maana hapa ndipo fedha zilipozama.

RCA ilikuwa ikitengeneza kompyuta tangu miaka ya 1950. Desemba 1964, Jenerali akiwa bado na nguvu zake, ilitangaza mashine za Spectra 70. Miezi minane kabla, IBM ilikuwa imetangaza System/360, familia ya kompyuta ambayo ingelimeza soko. Wazo la RCA lilikuwa la ujanja: tengeneza mashine inayoweza kuendesha programu za IBM, iuze kwa bei ya chini, na mteja wa IBM atahama bila kuandika upya kazi zake. IBM ilikuwa na takriban asilimia 70 ya soko la Marekani. RCA ilikuwa na kama asilimia 4. Adui mkubwa, fedha nyingi, kutorudi nyuma. Ni mbinu ya baba neno kwa neno. Robert aliposema mwaka 1970 kwamba RCA itashika nafasi ya pili nyuma ya IBM, wengi walimwona mtu anayetaka hatimaye kushinda vita vyake mwenyewe, visivyokuwa vya Jenerali. Mimi naona alikuwa akipigana vilevile vya mzee, kwa silaha aliyoachiwa, uwanja usio wake.

Akaajiri watu wa IBM. Mkuu wa kitengo, Edwin Donegan, alitoka huko, na nyuma yake wakaja wengine wengi, na tabia za IBM wakaja nazo: mauzo kwanza, viwango vya kufikia kila mwezi, kujenga makao mapya makubwa huko Marlborough, Massachusetts. Kilichowapungukia ni mfuko wa IBM. Siku zile kompyuta kubwa haikununuliwa, ilikodishwa. Aliyeitengeneza alitumia mamilioni kwanza, kisha akapokea kodi kidogokidogo kila mwezi, na ilimchukua miaka kadhaa kurudisha gharama zake. Kila mashine mpya iliyofungwa kwa mteja ilikuwa furaha kwa muuzaji na deni kwa mhasibu. Kadiri ulivyofanikiwa kuuza, ndivyo ulivyozidi kukopa. IBM iliweza kusubiri, kwa kuwa ilikuwa na maelfu ya mashine za zamani ambazo zilikwisha kujilipa na bado zinaleta kodi. RCA haikuwa na akiba hiyo.

Juni 1970 IBM ikatangaza System/370. Miezi michache tu baadaye, Septemba, RCA ikajibu kwa mashine zake mpya, bei yake ikiwa imepunguzwa makusudi ili kuwavuta wateja wa System/360 waliokuwa wakifikiria kupanda. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Ila wateja wa RCA yenyewe nao walisoma tangazo hilo. Aliyekuwa amekodi Spectra 70 aliona kwamba anaweza kuirudisha na kupata mashine mpya, yenye nguvu zaidi, kwa kodi ndogo kuliko aliyokuwa akilipa. Wakarudisha. Mwenye nyumba akijenga nyumba mpya jirani na kuipangisha kwa bei nafuu, hana haki ya kushangaa wapangaji wake wa zamani wakifunga mizigo. Mashine ambazo zilikuwa hazijarudisha gharama zake zikaanza kurudi maghalani, na ripoti za wauzaji, ambazo zilihesabu kila mashine mpya iliyotoka, zilionesha kwamba biashara inakua.

Wahasibu walipozikalia hesabu katika kiangazi cha mwaka 1971 waliona shimo. Kila makadirio yaliyoletwa yalikuwa mabaya kuliko yaliyotangulia. Tarehe 17 Septemba 1971 bodi ya RCA iliamua kuachana na kompyuta. Hasara iliyoandikwa vitabuni ilikuwa dola milioni 490 kabla ya kodi, dola milioni 250 baada ya kodi, na hakuna aliyekumbuka kampuni ya Marekani kuandika kubwa kuliko hiyo kwa mkupuo mmoja. Wateja waliobaki walichukuliwa na Sperry Rand, watu wa Univac. Majengo ya Marlborough yaliishia mikononi mwa kampuni nyingine ya kompyuta, Digital. Jenerali alifariki tarehe 12 Desemba mwaka huohuo, hazijatimia siku tisini.

Kuna watetezi wa Robert wanaosema, na wana hoja, kwamba kuifunga biashara ile kulihitaji ujasiri ambao baba yake asingekuwa nao. General Electric nayo ilikuwa imejitoa kwenye kompyuta mwaka mmoja kabla. Jenerali angeendelea kumwaga. Ni kweli, mwana alijua kusimama. Tatizo ni kwamba fedha zilikwisha kumwagwa katika miaka ileile ambayo biashara ya televisheni, kiini cha nyumba, ilikuwa ikizihitaji. Motorola ilitoa Quasar, seti ya rangi isiyo na vali, ya transista, mwaka 1967. Sony ikatoa Trinitron mwaka 1968. RCA, mwenye rangi, aliyeifundisha dunia rangi, alichelewa kuacha vali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zenith ya Chicago ikampita kwa mauzo ya seti za rangi nyumbani kwake. Kampuni iliendelea kuvuna mrabaha wa hataza zake kutoka kwa Wajapani waliotengeneza seti kwa leseni yake. Fedha hizo zilikuwa tamu. Zilitoka kwa watu waliokuwa wakijifunza kazi.

Na Princeton? Tarehe 28 Mei 1968, miezi mitano tangu Robert awe mtendaji mkuu, RCA iliwaita waandishi wa habari Rockefeller Center kuwaonesha kitu kilichotengenezwa na kundi la kijana mmoja mhandisi, George Heilmeier. Kilikuwa kioo chembamba chenye majimaji ya fuwele ndani yake, ambacho ukikipitishia umeme kidogo kinaonesha tarakimu na picha. Hakikuwa na vali wala tyubu nzito ya kioo nyuma yake. Walioneshwa saa ya tarakimu, wakaambiwa kwamba siku moja televisheni itaning'inizwa ukutani kama picha. Ni skrini za LCD hizi, ambazo zilikuja kuenea hadi kwenye simu za mfukoni. Sharp ya Japani ililisikia jambo hilo, ikalifanyia kazi, na mwaka 1973 ikatoa kikokotoo chenye kioo cha namna hiyo. Heilmeier mwenyewe aliondoka RCA mwaka 1970. Mwaka 1976 RCA iliiuzia Timex, watengenezaji wa saa, kazi yake ya skrini hizo.

Sidhani kwamba Robert alikaa ofisini akaamua kuiua LCD. Hakuna aliyeamua. Ndivyo mambo hayo yanavyokufa katika kampuni kubwa: meneja wa tyubu hataki kitu kitakachoua tyubu, meneja wa semikondakta anaona soko ni dogo, mkuu wa maabara anaandika barua, na juu kabisa hakuna mtu mwenye mazoea ya kushuka ngazi na kuuliza kile kioo kimefikia wapi. Jenerali angeuliza, angefoka, angetaka kiwe tayari kabla ya siku yake ya kuzaliwa. Mwaka 1951 aliwaomba watafiti wake hadharani zawadi tatu namna hiyo, na walihangaika kumpatia. Robert aliajiri washauri.

Mwaka 1974 mdororo wa uchumi ulipowakamata Wamarekani baada ya bei ya mafuta kupanda, faida ya RCA ilianguka. Mwishoni mwa mwaka huo Robert alifunga ndoa ya tatu, na Anna Moffo, mwimbaji maarufu wa opera, na minong'ono ikaanza kwamba mwenyekiti anafuata maonesho ya mkewe kuliko ripoti za vitengo. Minong'ono ya ofisini haina uzito wa ushahidi. Huanza, hata hivyo, pale ambapo watu wamekwisha kukata tamaa kwa sababu nyingine. Wakurugenzi wa nje walikuwa wamechoka. Novemba 1975 Robert aliingia kwenye kikao cha bodi akitarajia mazungumzo ya mipango yake ya kuupanga upya uongozi, na akaambiwa ajiuzulu. Alikuwa na miaka 57. Kiti alipewa naibu wake, Anthony Conrad, mtu wa ndani, aliyeonekana mtulivu na wa kuaminika. Septemba 1976 Conrad naye akaondoka, ilipogundulika kwamba kwa miaka mitano mfululizo hakuwa amewasilisha taarifa zake za kodi ya mapato.

Wakati huohuo NBC ilikuwa imeanza mwaka 1976 kwa nembo mpya iliyosukwa katika siku za Robert, herufi N ya nyekundu na buluu ambayo gharama ya kuibuni ilitajwa kuwa mamia ya maelfu ya dola. Kituo cha televisheni ya elimu cha Nebraska kilikuwa tayari kinaitumia N inayofanana nayo karibu kabisa, iliyochorwa kwa gharama isiyofika dola 100. NBC ikawapa mitambo na fedha taslimu ili waiache.

Edgar Griffiths, aliyefuata, aliuza mengi ya yale aliyoyanunua Robert, kisha naye akanunua kampuni ya mikopo, CIT, kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mradi wa diski za video, uliokuwa ukiendelea katika siku za Robert, uliingia sokoni mwaka 1981 na kufungwa mwaka 1984 na hasara ya mamia ya mamilioni. Desemba 1985 General Electric, iliyoizaa RCA mwaka 1919, ilitangaza kuinunua tena kwa dola bilioni 6.28. Ilichokitaka zaidi ni NBC, ambayo kwa msaada wa The Cosby Show ilikuwa ya kwanza nchini. Maabara ya Princeton iliyatoa kama zawadi kwa taasisi ya utafiti ya California. Viwanda vya televisheni, pamoja na jina la RCA kwenye seti, viliendea Thomson ya Ufaransa mwaka 1987, nayo Thomson ikatoa fedha na biashara yake ya mashine za eksirei za hospitali. Kiwanda cha Bloomington, Indiana, kilifungwa mwaka 1998 na kazi ikahamia Ciudad Juárez, Meksiko. Robert Sarnoff alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.